Kilo Unazokuja Nazo Kwenye Mashine

Kwa sisi ambao figo zimekufa, siku ya kusafisha damu kwa mashine itakavyokwenda huamuliwa kwenye mzani, kabla hata hujaoneshwa kiti chako. Wagonjwa wa zamani hupanda mzani kimya. Wageni ndio hupanda wakipiga soga. Muuguzi husoma namba, hutoa uzito mkavu ulioandikwa kwenye faili, yaani uzito wako ukiwa huna maji ya ziada mwilini, na kinachobaki ndicho mashine itakachokuvuta kwa muda wa saa nne. Kilo moja ni lita moja. Mwenye uzito mkavu wa kilo 60 akija na 62 atavutwa lita mbili, atasinzia, ataamka, atapanda daladala aende zake. Huyohuyo akija na 64.5, mengi yatakayompata kitini siku hiyo, miguu kukaza, kichefuchefu, macho kuingia giza, yatakuwa yametoka kwenye hizo kilo nne na nusu.

Kuna hesabu ambayo kila mgonjwa wa figo anatakiwa kuijua kwa kichwa. Mwili huvumilia kuvutwa mililita 10 hivi za maji kwa kila kilo ya uzito, kwa kila saa. Ukipita 13 moyo unaanza kuumizwa, hata kama mwenyewe husikii kitu. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo 13 ni mililita 780 kwa saa, sawa na lita tatu na kidogo kwa saa nne. Aliyekuja na zaidi ya hapo ana njia tatu: aongezewe muda, aondoke na maji mengine mwilini ayamalizie siku nyingine, au avutwe kwa nguvu. Hiyo ya tatu wengi wetu huiomba kwa mdomo wetu wenyewe. "Sista, zitoe zote leo, nimechoka kuvimba." Sista mwenye uzoefu hakubali, na hana roho mbaya.

Sababu yenyewe ni hii. Mashine huvuta maji yaliyo ndani ya mishipa ya damu tu. Yale ya kwenye miguu, usoni na tumboni hayaguswi moja kwa moja. Husubiri zamu yao ya kurudi mishipani. Ukivuta haraka kuliko yanavyorudi, mishipa inabaki na damu kidogo na presha inaporomoka huku miguu bado imevimba. Mgonjwa hushangaa: maji ninayo, iweje niambiwe yamepungua? Yamepungua mahali moyo unapoyahitaji.

Mzani nao una hila zake. Viatu vya mvua, jaketi, simu, funguo na pochi vinaweza kufika kilo moja bila kujitangaza, na mashine haijui kwamba kilo hiyo ni ya viatu. Itaitoa mwilini mwako. Pima na nguo zilezile kabla na baada, mifuko ikiwa mitupu. Mwambie pia muuguzi kama utakunywa chai kitini, kwa sababu chai hiyo inajumlishwa kwenye kiasi cha kuvuta, pamoja na mililita 200 hadi 300 za maji ya dripu yanayotumika mwishoni kurudisha damu yako. Lita mbili za mzani kwa kawaida huwekwa kwenye mashine kama 2.3.

Halafu uzito mkavu wenyewe hubadilika. Ukiugua malaria ukakonda kilo mbili za nyama, na faili bado linasema 60, basi ukimaliza ukiwa na 60 umeondoka na lita mbili za maji usizozijua. Utazijua usiku, pale utakaposhindwa kulala chali ukaanza kutafuta mito mitatu. Kinyume chake hutokea kwa mtu aliyeanza kupata nafuu, hamu ya kula imerudi, amenenepa kihalali. Huyo anavutwa hadi namba ya zamani, na kila mara anamaliza akiwa ametapika na misuli imekaza. Dalili hizo zikijirudia mara mbili tatu, omba daktari aangalie upya uzito mkavu kabla ya kukubali kuandikiwa dawa nyingine.

Kilo huingia kwa kinywaji, lakini chumvi ndiyo inayokutuma kwenye mtungi. Mtu anayeambiwa apunguze maji bila kuambiwa apunguze chumvi anaonewa, maana kiu ya chumvi haishindwi kwa ujasiri. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku nzima, vyote vikijumlishwa, ndio ukomo. Ng'onda, papa, achari, vidonge vya supu vya dukani, chipsi za barabarani na magadi yanayotiwa kwenye maharage vinakipita kijiko hicho kabla hujagusa chumvi ya mezani. Na usidanganywe na chumvi ya dukani inayouzwa kwa ajili ya wenye presha: nyingi ni potasiamu, madini ambayo kwetu ni mabaya kuliko chumvi yenyewe.

Kiasi cha maji kwa siku ni mkojo unaoupata pamoja na nusu lita. Asiyepata mkojo kabisa ana nusu lita hiyo tu na kidogo cha nyongeza atakayoruhusiwa na daktari. Uji, supu, mchuzi, maziwa, tikiti maji na barafu vyote ni maji. Njia inayofanya kazi kwenye joto la Tanga au Mombasa ni kujaza chupa moja asubuhi kwa kiasi chako na kunywa kutoka humo tu, kwa kikombe cha kahawa, si kwa glasi. Kila unapokunywa chai, mwaga kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa. Kipande cha limau mdomoni husaidia. Mwenye kisukari azingatie kwamba sukari ikiwa juu, kiu haitamwacha hata afanyeje.

Potasiamu ni habari nyingine, kwa sababu haionekani mzanini wala haivimbishi mtu. Ikizidi, huanza kwa miguu kulegea, ganzi mdomoni, mapigo ya moyo kuruka, na wakati mwingine haianzi na chochote, moyo unasimama. Imejaa kwenye madafu, ndizi mbivu, parachichi, machungwa, tende, viazi, nyanya za kopo. Viazi na ndizi za kupika havikatazwi kabisa: menya, kata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga maji hayo, kisha pika kwa maji mapya. Wali na ugali havina shida hiyo. Mwezi wa Ramadhani una mtego wake hapa, kwani futari ya tende kadhaa, dafu moja na juisi ya machungwa huingiza potasiamu nyingi kwa dakika kumi, tena jioni ambayo mashine iko mbali. Tende moja kwa kufungulia, na maji. Suala la kufunga lenyewe linazungumzwa na daktari mapema, si siku ya mwandamo.

Sasa kiti. Kabla hujafika, mashine imeshafunguliwa kama nusu saa au zaidi, ikajipima yenyewe, na laini, yaani mipira ya kupitishia damu, pamoja na kichujio vimepitishwa maji ya dripu, lita moja hivi, kuondoa hewa na mabaki ya dawa ya kiwandani. Kichujio ni bomba la plastiki lenye maelfu ya mirija myembamba. Damu hupita ndani ya mirija, maji ya dawa hupita nje yake, mililita 500 kila dakika, yaani lita 120 kwa saa nne. Ndiyo maana nyuma ya ukuta kuna chumba kizima cha mitambo ya kusafisha maji. Klorini inayotufaa kwenye maji ya bomba ikifika kwenye kichujio huvunja chembe nyekundu za damu, kwa hiyo mitungi ya mkaa inayoinasa hupimwa kabla ya kila zamu. Ukiona zamu imecheleweshwa kwa sababu ya maji, usigombe.

Mwenye fistula, yaani mshipa wa mkononi uliotengenezwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine, hudungwa sindano mbili: moja ya kutoa damu, laini nyekundu, na moja ya kuirudisha, laini ya bluu. Ni sindano nene. Kadiri namba inavyopungua ndivyo unene unavyoongezeka, hivyo 17 huanziwa wenye fistula changa, kisha 16, kisha 15. Dunia imekuwa na fistula tangu 1966, pale Brescia, Cimino na wenzao walipotoa taarifa yake huko New York: mshipa unaotoka moyoni huunganishwa na ule unaorudi, mkononi, na ule unaorudi unanenepa kwa kupokea damu ya kasi. Inahitaji wiki sita hadi nane au zaidi kukomaa. Anayeharakisha kuichoma huipoteza.

Kudungwa kunauma, na maumivu yana sura mbili. Ngozi kuchomwa ni sekunde moja. Dawa ya ganzi ya kupaka ikiwekwa dakika 45 hadi 60 kabla huipunguza sana. Ya pili ni sindano inapotafuta mshipa ndani, ikigeuzwageuzwa. Hiyo isivumiliwe kimya. Sindano ikitoboa ukuta wa nyuma wa mshipa, damu huvuja ndani, mkono unavimba mbele ya macho yako na kuwa mgumu, na kesho yake ni wa zambarau. Sema mara moja, sindano itolewe, pabonyezwe, pawekwe barafu. Wenye haya hubaki na mikono iliyoharibika. Jambo lingine ambalo mgonjwa mwenyewe anatakiwa kulisimamia ni mahali pa kuchoma. Wauguzi wengi watapenda kurudi palepale palipozoeleka kwa sababu hapaumi sana na hawakosei, lakini ngozi na mshipa wa hapo hulegea, hufura, na baada ya miaka unakuwa na nundu yenye ngozi nyembamba inayong'aa. Hiyo ni hatari ya kupasuka. Hama kila mara, sentimita moja hivi juu au chini ya tundu la juzi.

Kila asubuhi weka vidole juu ya fistula. Lazima usikie mtetemo, kama paka anayekoroma. Usipousikia, hospitali siku hiyohiyo, usisubiri zamu yako; donge la damu la saa chache linaweza kuondolewa, la siku tatu mara nyingi haliondoki. Mkono huo hautolewi damu, haupimwi presha, haubebi ndoo, haulaliwi, hauvai saa ya kubana. Mwambie hivyo hata daktari asiyekujua. Kuna watu waliopoteza fistula kwa kipimo cha presha kimoja cha haraka wodini.

Wenye mpira wa shingoni, ule unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa badala ya fistula, hawachomwi, na ndiyo maana wengine hawautaki kuuacha. Lakini mpira ni mlango wazi kuelekea moyoni. Unapofunguliwa, wewe na muuguzi mnavaa barakoa na unageuza uso upande wa pili. Hauloweshwi; oga kwa kitambaa kuanzia kifuani kwenda juu. Dalili ya mpira uliopata wadudu ni ya kipekee: unakuja mzima, unaunganishwa, na ndani ya saa ya kwanza unaanza kutetemeka meno yakigongana, halafu homa inapanda. Wengi wanadhani ni malaria. Kabla ya sindano yoyote ya malaria, damu ichukuliwe ikaoteshwe maabara kutafuta wadudu.

Kipindi cha kwanza kabisa cha maisha yako hufanywa kifupi, saa mbili hivi, na damu hupitishwa taratibu. Usione umepunjwa. Takataka zikiondolewa haraka mno kwenye damu huku ubongo bado unazo, maji huingia kwenye ubongo, na mtu hupata kichwa kuuma vikali, kutapika, hata degedege.

Kwa aliyezoea, saa ya kwanza ni ya baridi. Damu inapozunguka nje hupoa, na maji ya dawa mara nyingi huwekwa chini kidogo ya joto la mwili, 36 hivi, kwa sababu ubaridi huisaidia presha. Njoo na soksi na shuka au khanga, ujifunike kila mahali ila mkono wa sindano. Mkono huo ubaki wazi saa zote nne. Sindano ya bluu ikichomoka chini ya shuka, mashine inaendelea kusukuma damu mililita 300 kila dakika kwenye godoro, na mara nyingi king'ora hakilii, kwa kuwa presha ndani ya laini haibadiliki vya kutosha. Dakika chache zinatosha kuua. Hakikisha plasta imeshika na laini hazining'inii zikivuta.

Saa ya pili ni ya usingizi, simu, soga. Matatizo ya maji hujitokeza kuanzia ya tatu. Presha inaposhuka, ishara ya kwanza huwa ndogo sana: miayo mfululizo. Kisha jasho jembamba kwenye kipaji, masikio kuvuma, haja kubwa ya ghafla, sauti za watu kwenda mbali. Mwite muuguzi kwenye miayo, usingoje giza. Mwenzako wa kiti cha jirani akianza kupiga miayo na kukaa kimya ghafla, mwitie yeye. Kinachofanywa ni kulaza kiti, kuinua miguu, kusimamisha uvutaji wa maji na kumwaga dripu ya mililita 100 au 200. Ndani ya dakika tano mtu anarudi, na kilo yake ikabaki.

Misuli kukaza ni mateso ya aina yake. Huanza kwenye unyayo au shavu la mguu, vidole vikajikunja vyenyewe, na mzee mwenye heshima zake akapiga kelele. Kukanda peke yake hakusaidii sana. Unyayo usukumwe kuelekea usoni, goti likiwa limenyooka, ushikiliwe hapo, na uvutaji wa maji upunguzwe. Anayekazwa kila kipindi anavutwa kwa kasi mno, au ameshuka chini ya uzito wake mkavu.

Chakula kizito kitini huvuta damu kwenda tumboni na presha ikashuka. Mkate mkavu na yai la kuchemsha linatosha. Pilau ngojea nyumbani. Dawa za presha za asubuhi, wengine huambiwa wasimeze hadi wamalize, wengine wameze zote, kwa hiyo uliza kwa jina la dawa. Anayechoma insulini ajue kwamba figo zikifa insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na sukari huweza kushuka akiwa kwenye mashine. Abebe kitu kitamu kidogo mfukoni.

Mashine hulia sana, na milio mingi haina hatari. Mara nyingi ni mkono umekunjwa, laini imekaliwa, au sindano imegusa ukuta wa mshipa. Nyoosha mkono kwanza. Umeme ukikatika, pampu ya damu huendelea kwa betri kwa dakika 15 hadi 20 hivi huku usafishaji umesimama. Jenereta isipowaka, muuguzi huingiza mpini wa kuzungushia kwenye pampu na kuirudisha damu mwilini kwa mkono, taratibu, kwa kufuata mshale. Damu iliyo nje ni mililita 200 hivi. Ikiganda ndani ya kichujio inatupwa, na kwa mtu mwenye hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ya 8 tu, hiyo si hasara ndogo. Tunaongezewa damu kwa kusitasita kwa sababu kila chupa inaweza kuujengea mwili kinga zitakazoikataa figo ya kupandikizwa. Tangu hospitali ya Muhimbili waanze upandikizaji hapa Tanzania Novemba 2017, na hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, hilo si jambo la kinadharia. Sindano za kuongeza damu, zile za chini ya ngozi, zisirukwe.

Mwisho wa kipindi, sindano zikitoka, bonyeza kwa vidole viwili, bila kuchungulia, dakika 10 hadi 15. Usibane hadi mtetemo upotee. Damu ikiendelea kutoka baada ya dakika 20, na ikawa hivyo siku mbili tatu mfululizo, dawa ya kuzuia damu kuganda imezidi au mshipa umeziba mbele. Kaa kitini dakika chache, simama, pimwa presha ukiwa umesimama. Uchovu baada ya hapo ni wa kweli. Wengine huisha jioni, wengine hadi kesho yake mchana, na familia inayomuona mtu "katoka hospitali" ikamtuma sokoni haijaelewa.

Wengi Afrika Mashariki tunasafisha mara mbili kwa wiki, na sababu ni fedha na bima. Kipimo cha kawaida ni mara tatu. Mara mbili humfaa kwa kiasi yule ambaye bado anapata mkojo wa kutosha, na mkojo huo ni mali: diklofenaki, ibuprofeni na dawa za mitishamba zisizojulikana ndizo humalizia kilichobaki. Anayesafisha Jumatatu na Alhamisi ana siku nne kati ya Alhamisi na Jumatatu, na hapo ndipo watu huzidiwa. Chumvi na matunda ya Jumapili yahesabiwe kwa jicho hilo. Wapo pia wanaoomba kuchomolewa nusu saa kabla ya wakati, foleni ya magari ikiwa kisingizio. Nusu saa kila kipindi, vipindi viwili kwa wiki, ni saa 52 kwa mwaka, yaani vipindi 13 vizima ambavyo umevilipia hukuvifanya.

Ukisafiri kwa msiba au harusi, kiti cha ugenini hutafutwa kabla ya tiketi. Watakuomba majibu ya karibuni ya homa ya ini B na C na VVU, maana wenye homa ya ini B hutengewa mashine yao. Chanjo yake kwetu hutolewa kwa dozi maradufu, na kadi yake ibebe. Bebea pia karatasi yenye uzito mkavu, muda, kasi ya damu, aina ya kichujio, kipimo cha heparini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, na orodha ya dawa. Na ukifika huko wakikupima, waambie mzani wa kwenu huwa unasoma vipi, kwa sababu mizani miwili kutofautiana nusu kilo ni kawaida. Siku hiyo mwombe muuguzi akuangalie miguu, shingo na mapafu kabla hajaweka namba kwenye mashine.